Kioo kwa mjane, sanduku kwa shemeji

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mtaa wa Kanyenye, Tabora mjini. Godeliva anafungua kufuli mbili za kibanda chake, anaweka mkoba chini, na kabla hajagusa kitu kingine anashika nondo za dirisha kwa kiganja chote, anatulia.

Mteja wa kwanza tayari yuko mlangoni, laptopu kwapani. Ni mwanamume mwenye duka la fotokopi upande wa sokoni. Anamwona fundi ameshika nondo, anavua kofia, anasubiri. Halafu anauliza kwa sauti ya chini kama sala imekwisha.

"Si sala," anasema Godeliva. "Namwaga umeme wa mwilini. Cheche usiyoiona inaweza kuunguza mashine ya mtu."

Nestory, fundi viatu ambaye meza yake imeegemea ukuta wa kibanda hicho, anamwonya mteja asidanganyike. Huyo mama ni mganga kamili, anasema, tofauti ni kwamba tunguri zake zinachomekwa ukutani.

Mteja ana foleni dukani. Anataka apigiwe windo tu, nusu saa, aondoke. Godeliva haipokei laptopu. Anamuuliza swali analomuuliza kila mtu anayekanyaga pale.

"Humo ndani wanaishi akina nani?"

Mteja anacheka. Fundi hacheki.

Kupiga windo, kwa asiyejua, ni kuweka mfumo endeshi upya pale kompyuta inapogoma kuwaka au inapokuwa nzito kama mkokoteni wenye pancha. Mafundi wengi mjini wanafanya kwa njia fupi. Wanafuta kila kilichomo, wanalaza mfumo mpya, wanapokea elfu kumi. Mashine inarudi nyepesi kama ilivyotoka dukani, na tupu kama ilivyotoka dukani. Utupu huo mtu anaugundua nyumbani, fundi akiwa ameshahudumia wengine wanne.

Njia ya Godeliva ni ndefu. Haiwashi mashine kwa mfumo wake mgonjwa. Anaiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine, ambao unasoma bila kuandika chochote. Anaingia taratibu, anatoa picha, barua, nyimbo, hesabu za duka. Anatoa pia folda iliyofichwa ambayo wengi hawajui kama ipo, ile ambamo mashine hutunza tabia za mwenyewe: ukubwa wa herufi, picha ya ukutani, maneno ya siri, kipi kilikaa kushoto na kipi kulia. Anafungua faili moja moja kuhakikisha zimetoka hai. Hapo ndipo anafuta na kuweka mfumo mpya, na kila kitu anakirudisha palepale kilipokuwa, chini ya jina lilelile la mwenye mashine.

"Ukipaka nyumba rangi, unatoa watu kwanza," anasema. "Halafu vyombo. Halafu unakumbuka kila msumari ulikuwa unaning'iniza nini. Mwenye nyumba akirudi akute mwiko wake mahali pa mwiko. Wenzangu wanapaka rangi watu wakiwa ndani."

Kazi hiyo inakula siku nzima, pengine mbili. Anadai elfu ishirini na tano, na kwa sababu hiyo wateja wengi wanavuka barabara kwenda kwa wale wa elfu kumi. Godeliva anawatazama wakivuka. Wengine wanarudi baada ya wiki, wanamuuliza kama kilichofutwa kinafufuka.

Ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa pori, wakalifyeka, wakalima tumbaku na mahindi, na bado wakaitwa wageni kwa karibu miaka arobaini juu ya ardhi ambayo hapakuwa na mwingine aliyeing'oa visiki. Tunaoishi huku tunakumbuka. Tumbaku yao haikuitwa ngeni hata siku moja.

Usiku waliokimbia, mama yake alipewa dakika za kuchukua alichoweza. Walipovuka mto alifungua kanga akakuta amebeba kifuniko. Chungu alikiacha mekoni. Kifuniko hicho kilikaa nyumbani kwao Ulyankulu miaka yote, kikafunika vyungu vingine ambavyo hakikuvitosha. Watoto walikicheka. Mama yao alikuwa anawaacha wacheke.

Godeliva alidhani ameshamaliza kujifunza kutoka kwenye kifuniko hicho. Kisha, mwaka jana, mwanamke mmoja alishuka kwenye treni akitokea Tura, amebeba kioo cha kompyuta kimefungwa kwenye kitenge.

Jina lake Jeska. Alikaa kwenye benchi la wateja, kioo mapajani, mkono mmoja nyuma yake kama anayembeba mtoto aliyelala. Godeliva alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, wakaulizana habari za safari na za mvua. Hapo ndipo mgeni alipolisema lililomleta.

"Mume wangu yumo humu, mdogo wangu. Nimekuja unitolee."

Nestory alikuwa tayari na utani mdomoni. Aliumeza, akainama kwenye soli yake.

Godeliva alifungua kitenge. Ndani hapakuwa na sanduku la mashine, lile ambalo wengi huita sipiyu, ambamo kila kitu hutunzwa. Palikuwa na kioo peke yake, kimepanguswa hadi kinang'aa. Kioo cha kompyuta hakihifadhi kitu. Ni dirisha tu. Akauliza vingine viko wapi.

"Mimi fungu langu ni hili," Jeska alisema. "Vingine walipewa wenzangu."

Marehemu mumewe aliitwa Alois. Alikuwa mpiga video wa Tura, karibu na stesheni, na kwa zaidi ya miaka kumi hapakuwa na harusi, msiba, ubatizo wala uzinduzi wa kisima ambako alikosekana. Alitengeneza filamu zake kwa kompyuta aliyoinunua kwenye mnada wa vitu chakavu.

Hiyo kompyuta nayo ina historia, na historia hiyo isipite hivihivi. Ililetwa Tura na mradi mmoja wa wafadhili, pamoja na nyingine tano, katika chumba kilichopakwa rangi ya bluu. Magari yalikuja. Utepe ukakatwa, ng'ombe akaliwa, picha zikapigwa, watu wakaambiwa kwamba sasa dunia imefika kijijini. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa na chumba kikawa ghala la mbegu. Walileta mashine sita. Hawakumwacha hata mtu mmoja wa kuwaambia wenyeji kwamba kioo si kompyuta.

Alois alijifundisha mwenyewe, kwa kubonyeza na kukosea. Akawa anafanya kitu ambacho njia hii ya misafara na reli haijawahi kukifanya.

Tura ni stesheni leo, lakini kabla ya reli ilikuwa kambi ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walilala hapo na pembe za ndovu, safari ya miezi kwenda pwani na miezi kurudi. Wenye misafara waliandika kila kitu: pembe ngapi, marobota mangapi, shanga za rangi gani. Waliozibeba hawakuandikwa. Mzigo una kumbukumbu, mbebaji hana. Watu wa huku tumezoea kusahauliwa. Kusahau ndiko hatujazoea.

Alois alimpiga video kila mtu. Muuza karanga wa stesheni, mwanakwaya wa Kimoravian anayekosea kuingia, kibibi anayelia msibani huku akiangalia sufuria isiungue. Familia zenye ndugu Dar es Salaam, na waliohamia mbali zaidi, walimtegemea yeye ili walio mbali nao wazike.

Yeye mwenyewe hakuonekana popote. Anayeshika kamera hapigwi. Simu yake ilikuwa kitochi, isiyo na kamera. Mara moja tu, siku ya komunio ya kwanza ya binti yao Stela, alimpa Jeska kamera ampige akiwa amesimama na mtoto nje ya kanisa. Dakika chache. Hiyo ndiyo video pekee yenye Alois.

Alifariki masika yaliyofuata, kifua kilimzidi. Kamera iliuzwa kwa gharama za hospitali. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa, kama ukoo unavyokaa, kugawa vitu vya marehemu. Koti, baiskeli, jembe, redio. Viatu vyake vya ngozi alipewa mpwa wake, Dismasi.

Halafu ikaja kompyuta.

Mzee Gerson, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia kikao. Mwandishi alimkuta nyumbani kwake Tura, anachambua maharage ya mbegu. Hakukwepa.

"Tuliona ni vitu vitatu," alisema. "Kioo tulimpa mjane, kwa sababu ndimo mumewe alimokuwa akiwaonyesha watu. Sanduku alipewa Zablon, mdogo wa marehemu. Kile cha kuandikia alipewa mtoto, ajifunze herufi. Tuligawa kwa haki. Hakuna aliyenung'unika."

Hakuna aliyenung'unika, kweli. Jeska anasema siku ile alishukuru, maana aliona amepewa kilicho bora. Alikivika kitenge, akakiweka chumbani juu ya sanduku la nguo. Kwa miezi alikuwa akikipangusa kila Jumapili akirudi kanisani.

Stela ndiye aliyeomba kumwona baba yake. Mama akakitoa kioo, akachomeka waya kwenye umeme, wakakaa mkekani. Kioo kikawaka samawati na maneno mawili yakatokea katikati, yanatembea huku na huku: hakuna ishara. Stela aliyasoma kwa sauti. Wakasubiri. Kikajizima.

Ndipo Jeska alipopanda treni.

Godeliva alipomsikia akitaja jina, Alois wa Tura, aliondoa mikono mezani. Alimjua. Mwaka mmoja kabla, Alois aliketi benchi lilelile na sanduku lake, mashine imegoma kuwaka. Godeliva alitoa kila kitu, akaweka mfumo upya, akarudisha kila kitu. Anaikumbuka mashine ile kuliko nyuso za wateja wengi: herufi kubwa kupita kiasi kwa sababu macho ya Alois yalikuwa yanachoka, mshale mkubwa mweusi, picha ya Stela akiwa na pengo mdomoni. Folda ya misiba aliiita Waliolala. Ya harusi aliiita Waliofunga. Nyingine iliitwa Za Kwetu.

Kwa siku mbili vitu vyote hivyo vilikaa kwenye diski ya Godeliva, pamoja na Za Kwetu. Kisha akafanya anachofanya siku zote. Alimwita Alois aangalie kama vyote vipo. Alois akaangalia, akasema vipo. Godeliva akafuta nakala yake mbele ya macho ya mwenyewe.

Ndivyo anavyolinda jina. Watu wanaogopa picha zao kubaki kwa fundi, na wana sababu: wapo mafundi ambao picha za wake za watu zimetokea kwenye simu za vijiweni. Kwa Godeliva kitu cha mteja kinafutwa mbele ya mteja. Ni sheria nzuri. Hata leo haoni kosa lake liko wapi, na hilo ndilo linalomtafuna.

"Video hiyo nilikuwa nayo," anasema. "Yote, nzima, yenye uso. Nilimwambia anunue diski ya pili aweke nakala. Akasema baada ya mavuno. Sikumkazania. Ukimkazania mteja anadhani unamtafutia bei."

Walimpigia simu Zablon siku ileile. Anaishi Choma, wilaya ya Igunga, ana kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi, na siku za mnada wa ng'ombe anahamia mnadani. Jeska alimwomba asiuze sanduku, kama bado analo. Zablon akamtoa wasiwasi. Sanduku lipo, linafanya kazi vizuri, na tena amelitendea haki.

"Usiwe na shaka, shemeji," alisema, simu ikiwa kwenye spika. "Nililiosha."

Godeliva anasema aliketi chini.

Katika ukoo wao, kitu cha marehemu huoshwa kabla ya kupewa mrithi. Koti linafuliwa, viatu vinapanguswa kwa maji, baiskeli inamwagiwa ndoo. Si uchafu unaotolewa. Ni yeye. Anaachiwa aende asivutwe na jasho lake mwenyewe, na aliye hai avae bila kuvaa kifo. Zablon aliutazama ule mzigo, akaona ni wa chuma na umeme, haumwagiwi maji. Akampelekea fundi mmoja wa mnadani, akamwambia amtoe marehemu kabisa. Alilipia ufutwe mara mbili, isibaki harufu.

Ni adabu iliyofanya hivyo. Wizi ungeacha kitu.

Zablon alikuja Tabora kwa basi kupitia Nzega, sanduku limefungwa kwenye blanketi. Mtu mrefu, mpole, anayeomba radhi akipita mlangoni. Alipoelezwa maana ya kile alichokifanya, hakubisha. Aliuliza swali moja: kama kuna dawa.

Ilikuwepo kidogo. Yule fundi wa mnadani alikuwa mvivu. Alilipwa kufuta mara mbili, akafuta mara moja, tena kwa njia ya haraka. Kufuta kwa haraka, Godeliva aliwaeleza, ni kung'oa kibao cha mlangoni na kutangaza nyumba haina watu. Watu bado wamelala ndani. Wanabaki salama mpaka waje wapangaji wapya wakalie vitanda vyao.

"Mungu ambariki mwizi huyo," Nestory alisema kutoka nje, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Jeska alicheka.

Lakini wapangaji walikwishaingia. Kwa miezi saba Zablon alikuwa anajaza nyimbo humo. Kila wimbo uliopakiwa ulikaa mahali pa mtu. Zablon aliuliza kama zile kwaya za msiba nazo zimekalia watu. Godeliva akamwambia mashine haichagui. Zablon akatoka, akasimama karibu na meza ya Nestory akitazama viatu visivyo vyake.

Kazi ilianza. Godeliva aliitoa diski ndani ya sanduku, akaiunganisha na mashine yake kwa namna ya kusoma tu, asije naye akaandika juu ya kilichobaki. Programu ya kutafuta ikawa inaokota vipande na kuvipanga. Vilirudi bila majina. Waliolala, Waliofunga na Za Kwetu vilikuwa vimekwenda, na badala yake zikaja namba, mamia kwa mamia, na kila moja ilibidi ifunguliwe kwa mkono.

Jeska alifikia kwa dada yake, mtaa wa Isevya, na kila asubuhi alikuwa pale kabla ya kufuli kufunguliwa. Alikaa pembeni ya fundi akitambua watu. Huyo ni mama wa posta, amekufa. Huyo yuko Dodoma. Hao waliachana. Bibi harusi mmoja alikuwa anaingia mlangoni mwa kanisa kwa vigelegele, hakufika altareni, wimbo ulikuwa umekaa katikati ya njia. Keki ilikuja bila mkono wa kuikata. Msiba mmoja ulikuwa mzima kuanzia nyumbani hadi kaburini, lakini sauti yake haikuwepo, watu wote wanafungua vinywa.

Mipangilio haikupatikana hata punje. Herufi kubwa, mshale mweusi, picha ya pengo, vyote vilikwenda. Godeliva anasema hilo lilimuuma kwa namna asiyoitarajia.

"Picha na video ni vitu vya mtu," alisema. "Mipangilio ni namna alivyovipanga. Ukiingia chumba cha marehemu ukakuta miwani yake juu ya dirisha, unajua alikuwa anasomea pale. Sasa mimi nina miwani, sina dirisha."

Alifanya alichoweza. Aliweka mfumo mpya, akafungua akaunti kwa jina la Alois, akakuza herufi hadi kipimo anachokikumbuka, akaukuza mshale na kuupaka weusi. Zablon alipoona herufi zilivyokuwa kubwa alisema, ndiyo, kaka alikuwa hivyo, na gazeti alilisoma mkono umenyooka.

Mchana mmoja, Nestory akiwa ameenda kula, namba moja ilifunguka ikaonyesha vumbi jekundu na viatu vya mwanamume. Viatu vya ngozi, kimoja kimefungwa kamba ya katani. Kando yake, viatu vidogo vyeupe.

Zablon ndiye aliyesema kwanza. "Viatu hivyo anavyo Dismasi."

Picha ilikuwa inatikisika, ya mtu asiyezoea kamera. Halafu sauti ikaja, ya mwanamume, karibu, yenye kicheko kilichozuiwa.

"Mama Stela, inua kidogo. Unapiga miguu."

Picha ikaanza kupanda. Magoti. Mkanda. Mkono wa mtoto ndani ya mkono mkubwa. Vifungo vya shati, kimoja, cha pili. Mfuko wa shati wenye kalamu. Kisha vikaja viraka vya kijani na kijivu, na ikaisha.

Godeliva alitafuta kipande kilichofuata siku nzima na kesho yake. Alikipata mahali kilipopaswa kuwa. Ulikuwa wimbo.

"Nilikuwa nainua," Jeska alisema. Alirudia kwa utulivu, kama anayejibu mtu aliyemlaumu, wakati hapakuwa na aliyemlaumu. "Nilikuwa tayari nainua."

Zablon alimwomba msamaha kwa jina la ukoo na kwa jina lake. Alisema alidhani anamwachia kaka yake njia. Jeska akamjibu kwamba anajua, na kwamba kama lingekuwa fungu lake yeye, naye angeliosha. Waliokuwapo wanasema hakuna aliyeinua sauti. Hasira, kwa anayeitafuta, aende kuitafuta kwa waliokata utepe.

Mzee Gerson aliposimuliwa aliacha maharage. "Laiti angetokea mtu akatuambia ni kitu kimoja," alisema. "Ng'ombe tusingemgawa akiwa hai, mmoja kichwa, mwingine miguu." Aliuliza kama sauti ipo. Akaambiwa ipo. Akaomba siku moja aisikie.

Vipande vitatu vya kompyuta vimerudi pamoja sasa, nyumbani kwa Jeska, kwa uamuzi wa ukoo. Zablon aliacha sanduku Tabora bila kuulizwa, akarudi Choma mikono mitupu. Stela alileta kibodi mwenyewe, herufi ya A imefutika kwa kubonyezwa. Diski imegawanywa vyumba viwili: kimoja cha mfumo, ambacho kinaweza kufutwa hata kesho, na kimoja cha watu, ambacho hakiguswi. Nakala ya pili iko nyumbani kwa Gerson, kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko kinachobana.

Godeliva amebadilisha sheria yake moja. Hafuti tena moja kwa moja. Anamuuliza mteja kama amtunzie nakala, kwa siri, imefungwa kwa neno ambalo mteja mwenyewe ndiye anayelijua. Wengi wanakataa. Wachache wanakubali. Kabati lake lina diski nane, na kila moja ina jina la mtu.

Mpango wake ni mkubwa kuliko kabati. Anataka kuzunguka vijiji vya reli, na Ulyankulu kwao, na Ipole kwa warina asali ambao nao wana laptopu siku hizi, azungumze na wazee wa koo na makatekista. Ombi lake ni dogo: ukoo ukikaa kuanua matanga, mashine na simu ziwekwe kando, zisigawanywe wala kuoshwa, mpaka mtu ashushe mzigo uliomo. Ametembelea vijiji vitatu kwa nauli yake. Kimoja walimsikiliza. Kingine walimcheka, wakasema mama huyu anafukuzia maiti. Cha tatu walimuuliza mradi wake unafadhiliwa na nani, na posho ni kiasi gani. Tunajua nani aliwafundisha kuuliza hivyo.

Anasema haachi. "Mama yangu alibeba kifuniko kwa sababu hapakuwa na muda," alisema. "Hawa muda walikuwa nao. Walikosa mtu wa kuwaambia tu."

Turudi kibandani. Mwenye duka la fotokopi bado amesimama na laptopu yake, kofia mkononi. Kicheko kimemwisha. Anafikiri, anaanza kuhesabu kwa vidole: barua za wateja, mitihani ya shule mbili, hesabu za duka. Anasimama kwenye kidole cha nne. Halafu anavuta benchi, anakaa, anampa mashine.

Foleni yake itasubiri.

Mwezi ujao Godeliva atafunga kibanda siku mbili aende Tura. Stela anapata kipaimara. Jeska amejifunza kamera, ya kuazima kwa sasa, na ameshapiga harusi mbili na msiba mmoja, hakuna miguu. Siku ya mtoto wake hataishika yeye. Ataishika Zablon, ambaye atatoka Choma kwa ajili hiyo, na Godeliva atakuwa na diski mfukoni, nakala ichukuliwe hapohapo nje ya kanisa.

Jeska amekwishampa shemeji yake maelekezo kwa simu, na ameyarudia mara kadhaa.

"Nimemwambia aanzie usoni," anasema. "Akishapata uso, atashuka mwenyewe taratibu. Miguu haina haraka."